Koti Kitini

"Mtoto si belo la mitumba la kuachwa kibandani, Lorine!"

"Pole, Mama Whitney. Bosi alikuwa bado ofisini."

"Na wewe ndiye mlinzi wake? Kazi yenu inaisha saa kumi na moja, saa hii ni saa moja na nusu! Leo Austine amebakisha kidogo tu ashike karai la mafuta."

Mimi nakaanga samaki langoni, mtaa wa Huruma wote unajua, na mtoto wa miaka miwili na mafuta moto wapi na wapi? Nikamwambia kuanzia kesho, saa kumi na mbili ikipita, atafute mtu mwingine. Kila mlango ulikuwa wazi kidogo. Majirani zangu hawapitwi na jambo.

Lorine akaketi kwenye ngazi. Yeye hupanga mafaili katika ofisi moja ya serikali. Bosi wa zamani, Opicho, alikuwa hatoki kabla ya saa moja, na ukimtangulia, barua yako ya likizo inapotea. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Hata ukienda chooni, unaacha koti kitini aone upo. Miezi mitano iliyopita Opicho akastaafu, akaja Madam Andati, naye pia hatoki.

"Umemuuliza?"

"Nani amuulize bosi?"

Usingizi ulinipaa, jamani. Huyo mtoto nampenda.

Kesho yake, saa kumi na mbili haijafika, namwona Lorine huyo anakuja mbio, koti mkononi, anacheka peke yake.

"Nimemwambia, 'Madam, naomba niende, mtoto wangu hana pa kukaa.' Wenzangu wote wakainamia mafaili. Akanitazama. 'Kwani mnangoja ruhusa? Mimi hukaa nikingoja nyinyi mmalize! Nilikuta mnachelewa kutoka, nikaona haya kuwatangulia.'"

Nilicheka nusura samaki waungue. "Miezi mitano mnangojana?"

"Miezi mitano! Kufumba na kufumbua ofisi ilikuwa tupu. Mwenzangu Nahashon amesahau hata koti lake."

Austine alikuwa ameshamrukia mamake shingoni. Lorine akaniuliza polepole, "Sasa... bado nitafute mtu mwingine?"

"Hebu toa maneno yako hapa. Ingia ndani, ugali uko tayari, na samaki huyu mkubwa wa mwisho ni wako."