Chumba cha Mkaa

Dada yangu muuza mchicha alikuwa na mdomo, jamani! Mteja akiuliza kama mboga ni za leo, anamjibu, "Za kesho, bwana. Wa jana ni wewe." Na kweli mboga zake hazikunyauka. Alizikata kabla ya jua kuchomoza, akazisimamisha kwenye beseni la maji, akazifunika gunia bichi ndani ya chumba chake cha mkaa. Kuta zake ni nyavu mbili zilizojazwa mkaa katikati, nasi tuliumwagia maji asubuhi na jioni ili upepo uingie umepoa.

Kisha akaugua. Daktari akatuita pembeni, akatuambia tujiandae. Mwili ulimwaka moto, akaomba tumlaze mle chumbani kwenye ubaridi, tukamlaza katikati ya mafungu ya mchicha. Baada ya siku chache akaketi, akaanza kunitania kuhusu kitambi cha mume wangu. Nilicheka hadi machozi yakanitoka.

Ila hakutoka tena. Na mafungu yale yale ya siku aliyoingia yalibaki mabichi mwezi mzima, bila jani moja la njano. Dada hakuomba chakula. Nikimshika mkono, ulikuwa wa baridi na mgumu kidogo, kama shina la mchicha.

Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nikasema chumba hiki ndicho kinachomla dada yangu. Adhuhuri moja nikayabeba mafungu yote, nikayatupa uani juani.

Majani yakalegea. Papo hapo nikasikia kishindo ndani. Dada alikuwa chini, shingo imesinyaa, midomo imejikunja. Nilipiga yowe, nikayarudisha mafungu mbio mbio, nikammwagia ndoo nzima, nikamfunika gunia. Taratibu akajaa tena, yeye na mboga zake kwa pamoja.

"Mdogo wangu," akasema, "mboga hizi nilizikata ili watu wazile. Sasa zinakaa tu, na mimi nakaa tu. Nimechoka. Kesho usimwage maji."

"Sawa, dada."

"Niapie."

Nikaapa.

Nampenda, na sina dada mwingine. Alfajiri, kabla mume wangu hajaamka, nilikuwa nimeshajaza ndoo. Dada alikuwa macho. Alinitazama nikimwagia ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu.