Hapa Hatuna Mwiseneza

Jengo lile la katikati ya Kigali lina kila kitu: chini maduka, juu yake benki na maofisi, halafu kumbi za sherehe, na huko juu kabisa wanalala wenye nazo. Mtu anaweza kukopa, kuoa na kuzeeka mle bila kukanyaga udongo. Kimoja tu hakimo: vitufe ndani ya lifti. Ghorofa unaichagua ukiwa nje. Ukishaingia unapelekwa kama mzigo.

Mzee Sebahizi hakulijua hilo. Aliyoambiwa ni ghorofa ya tisa, naye akaingia na wazee wenzake, fimbo mkononi, kwenye lifti aliyoiita mtu mwingine.

Siku hiyo roho yake ilikuwa mkononi. Alikuwa anakwenda kumwombea mke Ntwali, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea mwenyewe. Ndugu walitaka kukodi msemaji wa mjini, kijana wa maikrofoni na miwani myeusi. Ntwali akagoma: "Baba mkubwa ndiye atakayeniombea, la sivyo sioi." Na baba wa binti, Bwana Kayijamahe, mtu asiyejua kucheka, alikuwa ametuma neno: msemaji akibabaika, binti hatoki. Wazee hawa hata sura yake hawakuijua. Shemeji aliyetangulia kwenda kujitambulisha alikuwa kitandani na homa, na Ntwali mwenyewe alibaki chini na wapambe wake, akisubiri kuitwa kama desturi inavyotaka.

Lifti ikafunguka. Ukumbi umepambwa, vibuyu vya maziwa vimepangwa, watu wamefunga mashuka begani. Wageni wakaketishwa kwa vigelegele.

"Tumekuja kumwomba Mwiseneza," Sebahizi akaanza.

Msemaji wa wenyeji, bwana mnene mwenye sauti tamu, akakunja uso. "Mwiseneza? Hapa hatuna Mwiseneza, mzee."

Sebahizi akafurahi moyoni. Ndivyo uombaji unavyoanza: wenyeji humkana binti, hukutajia mwingine, nawe unawajibu kwa utani mpaka wasalimu amri.

"Hamnaye? Basi ng'ombe wetu wamegoma kukamuliwa wakimsubiri nani?"

Ukumbi ukacheka. "Tunaye Iriza," alisema yule mnene.

"Iriza mpeni salamu zetu. Sisi tumefunga safari kwa jina moja tu."

"Mzee, kweli kabisa. Hatuna."

"Nimekaniwa mabinti wengi, bwana, lakini wewe unakana kama umesomea!"

"Haki ya Mungu, mzee!"

"Ameapa!" Sebahizi akawageukia wenzake. "Basi yuko chumba cha pili!" Wazee wakapiga makofi. Bwana mnene akajifuta jasho, na Sebahizi akajiona kijana tena.

Ndipo pazia likafunguka, akatoka bibi harusi mwenyewe, kajipamba, machozi yakimlengalenga. "Babu, Iriza ni mimi, na msichana wa kuombwa hapa ni mimi peke yangu. Wakwe zangu hata sijui wako wapi. Nyinyi mmekosea ghorofa. Hii ni ya kumi na nne."

Bibi harusi hatoki kabla ya kuombwa, hata kwa mzaha. Sebahizi akaamini. Aibu aliyoiona hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Wakashuka kwa ngazi mpaka ya tisa, magoti yakilalamika. Ukumbi ule ule! Mashuka yale yale, vibuyu vile vile, sura zote ngeni. Akatoa ombi lake huku akihema.

Msemaji wa pale akatabasamu. "Mwiseneza? Hapa hatuna Mwiseneza, mzee."

Sebahizi akaokota fimbo yake.

"Tusameheni sana, ndugu zangu. Tumekosea tena. Wazee, twendeni."

Wenyeji wakaangua kicheko. Ufundi kama huo hawakuwahi kuuona. Wazee walipofika mlangoni, kicheko kikapungua. Lifti ilipolia, kikakatika.

"Mzee, rudi, natania!"

"Hata yule wa juu alikuwa na sauti tamu kama yako," Sebahizi akajibu bila kugeuka.

Kiti kikaanguka huko mbele. Bwana Kayijamahe akaja mbio, shuka likiburutika nyuma yake, akatia mguu kwenye mlango wa lifti. "Yupo! Mwiseneza yupo! Mchukueni!"

Sebahizi akamkagua toka juu hadi chini. "Wewe nani?"

"Baba yake!"

"Kila mtu humu anaapa. Aseme mwenyewe."

Kayijamahe akaliita jina la bintiye kwa sauti ambayo nadhani hata benki waliisikia. Mwiseneza akatoka mbio, miguu mitupu, viatu mkononi.

"Ni mimi, baba mkubwa. Msiniache."

Sebahizi, mwenye maneno ya kujaza kumbi mbili, akaiweka fimbo chini. Alimshika mkono, akalia.