Maboksi Mawili Mlangoni

Noé, msimamizi wangu, alinipa maboksi mawili yaliyojaa karatasi chakavu, akaniambia niingie nayo, bila kadi, kwenye jengo la watu. Hilo nalo ni somo. Nasomea usalama wa kompyuta hapa Brussels, nusu darasani, nusu kazini: nimeajiriwa na kampuni inayopima ulinzi wa kampuni nyingine, na Noé ndiye anayesaini kama nimefaulu mwaka au la.

Mteja alikuwa kampuni ya bima karibu na Porte de Namur. Nilitakiwa nipite mlango wa wafanyakazi, nifike chumba cha seva, nibandike karatasi nyekundu ya ushahidi kwenye mashine, nitoke. Moyoni nilicheka. Mji huu mtu anakuachia mlango ukupige puani na bado anasema "pardon". Nani atanifungulia?

Mvua ilikuwa inanyesha. Boksi la juu likateleza, nikaropoka, "Jamani!" Mama mmoja aliyekuwa anarudi kutoka mapumzikoni akageuka kana kwamba nimemwita jina.

"Mutoto yangu! Unabeba yote hii peke yako? Leta!"

Akanipokea mzigo kabla sijajibu. Kwetu Moshi ningeshangaa asingenipokea. Kadi ilining'inia shingoni mwake: Émérance, chumba cha barua. Ukutani palikuwa na tangazo la Kifaransa: atakayemfungulia mgeni asiye na kadi atafukuzwa kazi. Niliomba moyoni alisome. Alilisoma.

"Bon, wanasema watafukuza muntu wa kufungulia mugeni," akasema huku akicheka. "Mais weye si mugeni. Donc, ingia."

Mlango ukalia pii. Nilitaka kusema, "Mama, usifungue," lakini masharti ya jaribio hayaruhusu. Alinisindikiza mpaka kwenye lifti, akaniambia katoka Lubumbashi, ana binti anayesoma kama mimi. Chumba cha seva hakikuwa hata kimefungwa. Nilibandika ile karatasi, nikatoka.

Kesho yake mkurugenzi, Madame Marie-Claire, alisoma ripoti yetu mpaka mwisho. Kamera ya mlango ule ilikuwa mbovu, na mlango wenyewe hauweki kumbukumbu ya kadi iliyoufungua; hayo pia tuliyaandika.

"Nani alikufungulia?"

"Masharti yanasema hatutaji mtu, Madame."

"Nimeuliza jina. Anaondoka leo leo."

Noé alinitazama. Kalamu yake ilikuwa mezani, na mwaka wangu mzima ulikuwa kwenye kalamu hiyo.

"Jina nalijua," nikasema. "Sikupi. Rekebisha mlango, mwache mtu."

Noé akakohoa. "Masharti hayo uliyasaini wewe mwenyewe, Madame."

Madame akaifunga ripoti kwa kishindo. Nilitoka pale nikijiona shujaa, furaha ya kijinga imenijaa. Wafanyakazi wote wakaelezwa yaliyotokea: msichana, maboksi mawili, karatasi nyekundu.

Nilirudi baadaye kukagua marekebisho, safari hii nikiwa na kadi halali na maboksi mawili ya vifaa vipya. Mvua ileile. Mama Émérance alikuwa upande wa pili wa kioo cha mlango. Nikafurahi kumwona bado yupo kazini.

"Shikamoo, mama!"

Hakuitikia. Alifungua kidogo, akasimama katikati ya mlango.

"Badge, madame."

"Mama, ni mimi."

"Badge."

Nikaweka maboksi chini kwenye maji, nikapekua mfuko. Aliisoma kadi pande zote mbili, akanitazama usoni, akaisoma tena, akanirudishia. Kisha akasogea nipite. Mikono yake ilikuwa mitupu. Maboksi niliyaokota mwenyewe, yamelowa chini, na yeye akaangalia pembeni mpaka nilipomaliza. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Huko juu Noé aliniuliza kama mlango umefaulu safari hii.

"Umefaulu vizuri sana," nikasema, nikaomba ruhusa niende msalani.