Kilengeo cha Bata Mzinga

Gordon alichagua kilengeo cha bunduki yake kwa muda mrefu kuliko alivyochagua mke, na mke mwenyewe, Valarie, aliliona hilo. Mtu mzima na kipara chake, kutwa yuko kwenye simu akitazama Wamarekani waliojipaka matope usoni, wakinong'ona habari za kuwinda bata mzinga. Mara anataka darubini ndefu, mara darubini inamfanya bata aonekane kama ng'ombe, mara heri ile fupi yenye nukta nyekundu. Na bata mwenyewe alikuwa mmoja tu, wa kwao, aliyetoroka bandani akahamia mtini nyuma ya nyumba yao ya Usenge, kando ya ziwa.

"Baba Aloo, si nimrushie tu mahindi nimshike?" Valarie alimwambia. "Hao wakwe wanaokuja ni Waislamu. Lazima achinjwe akiwa hai."

"Nitampiga bawa tu, Mama. Hii nukta haikosei."

Bawa, kwa bunduki inayotapanya marisau, virisasi vidogo kama mtama! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alikuwa ameenda kununua macho dukani. Valarie akabaki roho juu. Jumamosi Mzee Hemedi na mkewe Rehma walikuwa wanatoka Kisumu kuja kumposea kijana wao Shakir binti wa Valarie, Aloo, na wakwe wakiondoka kwako bila kula, ndoa wameiacha mlangoni.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Gordon alilenga bawa, kichwa cha bata kikaruka. Alishangilia kwanza, ndipo akakumbuka.

"Pika tu," alinong'ona. "Tutasema jirani alichinja. Nani atajua?"

Mpumbavu, Valarie aliwaza, na bado akapika. Wageni wakanawa. Mzee Hemedi akauliza kwa upole, "Bata huyu alichinjwa na nani?"

"Jirani, Mzee. Mwislamu kabisa," Gordon akajibu haraka.

Valarie alimtazama Aloo, moyo ukamuuma.

"Msile, Baba," akamwambia Hemedi. "Ni kibudu. Alipigwa bunduki akafa."

Rehma alirudisha mkono. Hemedi akamgeukia Valarie.

"Mama, hapa Usenge mtu anaweza kosa omena? Samaki haihitaji kisu."

Omena, vidagaa vya kila siku, kwa wakwe! Valarie alizikaanga kwa sufuria nyingine huku machozi yakimlenga. Zilipoletwa, Rehma aliomba ugali mara ya pili.

"Mtoto wa mama mkweli," Hemedi alisema, "huyo tunamtaka."

Gordon alimla bata wake peke yake mwisho wa meza, na hakuna aliyemuuliza alimlengaje.