Usaili wa Dada na Waifai Iliyopotea

Kaka mtu alikuwa ameinamia kompyuta sebuleni. Usaili wa kazi wa dada yake, wa kupitia video, ulikuwa karibu kuanza, na kompyuta haikuwa imeona waifai yoyote tangu yeye alipousasisha mfumo wake wa Linux asubuhi ile bila kumwuliza mtu.

“Mikono ilikuwa inakuwasha?” shangazi yao alimfokea.

Kaka alihisi huenda mfumo mpya haukuijua kadi ya mtandao, kile kifaa cha ndani kinachonasa waifai. Aliizima kompyuta, akaiwasha, na kwenye menyu ya kuwashia akachagua mfumo wa jana, ule wa kabla ya kusasisha. Watu wote sebuleni, hata watoto, wakasogea kuchungulia skrini. Alama ya waifai ikajitokeza.

“Haya, tokeni wote,” dada alisema.

“Hata mimi?” kaka aliuliza.

“Wewe ingia chini ya meza. Waifai ikikatika tena nitakukanyaga, ujue kazi yako imeanza.”