Pasi za Brannock

Dale Brannock alikuwa mrusha pasi wa timu yetu ya mpira wa Kimarekani hapa Ohio. Kati ya pasi mia alizowarushia wenzake kwa mkono, sabini zilidakwa. Kisha mdakaji wake hodari, Tyrell Odom, akavunjika goti, na kocha mpya akataka mipira mirefu tu. Wadakaji chipukizi wakawa wanaiangusha. Dale akashuka hadi pasi arobaini na nne kwa mia.

"Takwimu zako zinanuka, bwana mdogo," kocha alimwambia, akimpa barua ya kuachwa na timu.

"Nirushe mimi, nikadake mimi?"

"Karatasi haisemi nani kaangusha."

Dale alikusanya viatu vyake. Tyrell alimsindikiza kwa magongo hadi garini, akilia kama mtoto. Msimu uliofuata hakuna timu iliyompigia Dale simu.