Homa ya Kamsamba

Mwezi wa Julai, pale Iyula, hakuna mwenye akili timamu anayevua sweta kabla ya saa nne. Ukungu hulala juu ya mibuni, na wachumaji huonekana vichwa tu, vikielea. Tusekile alikuwa humo ndani, ndoo kiunoni, joto lilipomjia tena. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni taratibu, likamjaa usoni, na kwa kitambo dunia yote ikawa mbali: sauti za watu, mbwa wa jirani, hata mikono yake mwenyewe. Akavua sweta. Akavua na kitenge cha mabegani. Akasimama akifuka mvuke kama ugali ulioepuliwa sasa hivi, na kusema kweli aliona raha kidogo.

"Homa ya Kamsamba hiyo," alisema mumewe, Andongwisye, kutoka mstari wa pili.

Watu wa milimani ndivyo tulivyo. Mtu akishuka bondeni mara moja tu, kisha mwili ukamchemka, hata mwaka upite, basi ni malaria ya kule. Tusekile alishuka Kamsamba Pasaka kumtazama Rozi, binti yao wa pekee, aliyeolewa na kijana wa wafugaji. Tangu arudi alikuwa amemeza dozi tatu za mseto wa malaria kutoka duka la dawa, bila kupimwa hata mara moja. Joto halikujali. Lilimfuata kanisani, lilimkatiza usingizi, na mchana akawa anafokea watu kwa sababu ya chumvi.

Sasa Rozi alikuwa amebakiza siku kumi ajifungue. "Mama, usiniache peke yangu huku," alisema kwenye simu. Andongwisye akakataa katakata. Dada yake alikufa kwa malaria aliyotoka nayo bondeni, na hakutaka kuzika mwingine. Tusekile hakubisha, maana naye aliamini anaumwa. Hilo ndilo lililomliza.

Akaenda zahanati kuomba dozi kali zaidi. Muuguzi, Ruti, alimtoboa kidole kwanza, akangoja, akatikisa kichwa.

"Huna malaria, mama. Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

Tusekile alifikiri. "Mibuni ilikuwa imechanua. Si mwaka jana, mwaka juzi."

"Basi umekoma hedhi. Umri wako ndio wenyewe. Joto hilo ni mwili unajipanga upya. Vaa nguo nyepesi za kupunguza moja moja, punguza chai ya moto na pilipili, tembea, lala penye hewa. Likikuzidi, daktari ataangalia dawa inayokufaa. Ila damu ikirudi tena, usikae nyumbani, njoo."

Tusekile aliketi kwenye benchi la nje. Ukungu ulikuwa unafunguka, na akasikia harufu ya maua ya kahawa, ingawa msimu wake haukuwa umefika. Akamwona msichana aliyekuwa yeye zamani akipita barabarani, amejifunga kitenge kipya, anaondoka bila kuaga. Hakumwita. Alimtazama mpaka akaisha.

Jioni alimkuta mumewe akichambua kahawa juu ya kichanja, akamweleza yote.

"Kwa hiyo si malaria?"

"Si malaria, baba Rozi. Naweza kwenda."

Andongwisye aliendelea kutoa punje mbovu. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na wa pili?"

Tusekile hakuelewa mara moja. Alipoelewa, moyo ulimuuma. Miaka ishirini na sita, kumbe mwanamume huyu alikuwa bado anangoja mtoto wa pili.

"Wa pili hayupo," alisema.

Andongwisye akaacha kuchambua. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye vumbi la kahawa, na Tusekile akasogea wakasimama bega kwa bega.

"Panda gari la kwanza kesho," alisema hatimaye. "Na akizaliwa, nipigie kabla hawajamnyamazisha. Nataka kumsikia analia."